Nilizima Adhana Ili Basi Liende

Ijumaa, mchana. Kibiti. Manyunyu tangu alfajiri, nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo iliyonichosha kwanza. Ni laptop ya mtumba, niliinunua kwa kazi za steshenari. Mchana inachapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Jioni naendesha basi. Ndiyo, gemu la basi, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa. Nilikuwa dereva wa kweli wa kwenda Dar mpaka mgongo ukanitoa kwenye usukani, na hamu ya gia haijaniisha. Hilo sioni aibu kulisema. Aibu yangu iko mbele.

Basi lenyewe linaganda. Kila kona linaganda! Unakata usukani, picha inasimama, ikija kurudi uko mtaroni na abiria wanapiga kelele. Wiki tatu nimesoma ushauri kwenye kundi letu la wacheza gemu, na wote wimbo mmoja: funga programu zinazotembea kwa nyuma, mashine itapumua. Mmoja aliapa kabisa kwamba yake sasa inakimbia kama mpya.

Kwa hiyo jana, saa kumi na mbili kasoro, nikafungua ile orodha ya programu zinazofanya kazi kimyakimya, nikaanza kuzizima. Ya printa, zima. Ya virusi, zima. Ya meseji, zima. Ikabaki moja ndogo kuliko zote, haili chochote. Ile ya vipindi vya sala, inayoadhini.

Niliiona. Niliijua. Nikaizima.

Mama mkwe wangu, Bi Sharifa, yuko kwetu kutoka Mbwera kwa ajili ya macho. Yote mawili yana ukungu, anasubiri operesheni, jua na taa kwake ni kitu kimoja. Jana alikuwa amefunga, analipa siku za Ramadhani zilizompita akiwa mgonjwa. Kipaza sauti cha msikiti wetu kimekufa, hii wiki ya pili, kwa hiyo nyumba nzima tunategemea adhana ya hiyo laptop. Mke wangu Zuhura alikwenda msibani Ikwiriri. Anatoka mlangoni ananiambia, "Baba Rukia, mama kafunga. Uji uko kwenye chupa, tende kwenye kisahani. Wewe hakikisha adhana inasikika tu."

Nikasema sawa. Nikavaa hedifoni.

Na mama huyu ana haya za kizamani. Miaka ishirini na mbili nimemuoa mwanawe, hajawahi kuniita kwa sauti wala kugonga mlango wa chumba nilichomo. Akiwa na neno nami humtuma Zuhura: mwambie mumeo. Jana Zuhura hayupo, neno halina wa kulibeba. Akakaa uani chini ya bati, mvua inapiga, anasubiri.

Zuhura alishuka kwenye bodaboda saa mbili. Nilijua amerudi pale aliponivua hedifoni. Nikamsikia mama huko uani: "Leo siku ndefu, mwanangu. Au mwadhini wa mumeo naye kaenda msibani?" Alitania, lakini kikombe alichopewa kilikuwa kinagonga meno yake. Mimi mwenyewe Magharibi ilikuwa imenipita.

"Imekuwaje?" Zuhura akaniuliza.

"Kompyuta imejizima."

Uongo ulitoka mwepesi kuliko pumzi. Kabla Zuhura hajasema kitu, mama akanitetea: "Usimgombeze mwenzio. Mashine ni mashine."

Bora angenitukana.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba basi halikwenda! Nimezima yote yale, limeganda kona zilezile. Leo asubuhi nimefungua mfuniko wa chini, nikakuta feni imezibwa na vumbi, mashine inachemka mpaka inaganda. Kufunga programu kunasaidia kama ipo kubwa inayokula nafasi. Kwangu haikuwepo. Nimemkalisha mama wa watu na njaa bila faida hata ya kona moja.

Baada ya sala ya Ijumaa nikamweleza Zuhura jikoni. Akaniangalia weee, akasema, "Aliyefunga si mimi. Nenda kwa mwenyewe."

Nikaenda uani, nikakaa chini, mbali kidogo, uso pembeni.

"Mama, jana kompyuta haikujizima. Adhana niliizima mimi, nikacheza. Halafu nikasema uongo. Nisamehe."

Nikadhani atamwita Zuhura. Hakumwita.

"Ulikuwa unacheza nini, baba?"

"Basi, Mama. Naendesha basi."

"Likaenda?"

"Halikwenda."

Akacheka mpaka khanga ikamteleza begani. Mimi sikuweza kucheka. Halafu akajifunga khanga vizuri, na sauti ikabadilika. "Nimekusamehe. Lakini kwa mashine yenu mie sifuturu tena. Jumatatu nafunga. Utakaa hapahapa weye, utazame jua, uniambie kwa mdomo wako."

Nimekubali. Jumatatu saa kumi na mbili nitakuwa uani. Kukiwa na mawingu kama leo nitakwenda mpaka msikitini nimsikie mwadhini kwa masikio yangu, nirudi mbio.

Na nikimwambia jua limezama, ataniamini?