Kurasa za Muuguzi

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi hajambo, mtoto je? Huku tuko wazima, goti la mama limetulia, anasema umemsahau.

Miswada yote mitatu uliyoniletea toka ofisini kwenu nimemaliza kuisoma. Kama kawaida yangu niliigawa mafungu, fungu moja nyumbani, jingine kwenye droo ya cherehani, nasoma bosi wangu Mama Mkasi akienda kupima wateja. Juzi kanikuta nimeinamia karatasi, sindano mdomoni. "Unashona au unasali?" Nikamwambia vyote.

Sasa sikiliza. Ule wa karani wa mizani, anayepima malori na kila dereva anamdanganya: chukueni! Chukueni leo! Nimecheka mpaka nimejichoma kidole. Yule karani hana hata sifa moja nzuri, na bado nilitaka kumtafutia kiti akae.

Ule wa daktari na binti wa tajiri: tupeni. Kila mtu analia. Bibi analia, dereva analia, mbwa naye kalia. Binti ana macho kama nyota mara kumi na moja, nimehesabu. Mwanamke gani huyo asiye na hata kucha iliyokatika?

Ule alioandika muuguzi kwa mkono, upande mmoja wa karatasi, ndio ulionikasirisha zaidi, kwa sababu ulianza vizuri. Mke anafua mashuka ya hospitali, mume ni fundi saa. Wanataniana, unawapenda. Halafu unashika karatasi inayofuata, mke hayupo! Kaondoka. Mume anazunguka nyumba. Kwa nini kaondoka? Hakuna maelezo. Mwandishi kaogopa kazi yake mwenyewe, kamshonea msomaji gauni lisilo na mgongo. Nimechukia. Nimechukia kabisa.

Nimefunga kila mmoja kwa kamba yake. Leta mingine, nina njaa.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mtoto kaota meno mawili na anauma kila kitu, hata viatu vyangu.

Maneno yako nimeyachapa kwa taipu kama yalivyo, nikatia sahihi yangu chini. Mhariri Mkuu kayasoma kwenye kikao. "Gauni lisilo na mgongo!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kasema hajapata msomaji wa miswada mwenye jicho kama langu, na mwisho wa Aprili nitapewa barua ya ajira ya kudumu. Miaka miwili naingoja barua hiyo, nawe unajua.

Karani wa mizani anachapwa. Daktari na muuguzi wamekataliwa. Muswada wa muuguzi nimeurudisha kwake kwa posta na kamba yako ileile, na maoni juu yake.

Ila funga mdomo. Hata mama asijue. Wakisikia miswada inatoka ofisini kuja kwako, mimi nimekwisha.

Kaka yako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na mama pia. Leo sina salamu ndefu.

Muuguzi kaja ofisini. Kaja na sare yake, saa kaibana kifuani, kauweka muswada juu ya meza ya Mhariri Mkuu. "Nani kasoma hiki?" Nikasema mimi. "Chote?" Chote. "Basi nitajie mke alibeba nini Jumatatu ya kwanza."

Nilijifanya nakohoa.

Anasema kurasa arobaini na moja za katikati hazimo. Ndizo zinazoeleza kwa nini mke kaondoka. Kaandika miaka minne, akitoka zamu, na hana nakala nyingine. Nikamwambia Mhariri Mkuu kwamba muswada ulifika hivyohivyo, na kwa kuwa kurasa hazina namba sikuweza kujua. Kasema tarehe ishirini tukutane wote watatu.

Angalia droo. Angalia chini ya kitanda, angalia kila mahali. Niandikie siku hiyohiyo.

Kaka yako


7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Kwenye droo hazimo. Nikamuuliza Mama Mkasi. "Karatasi zipi?" Ngumu, zimeandikwa upande mmoja. "Aa, zile!" Akanyoosha kidole ukutani. Kaka, zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari! Unajua sisi kabla ya kukata kitambaa tunakata kwanza karatasi, ya kola, ya mfuko, ya mkono wa shati. Zetu zilikwisha, akaona zile, upande mmoja mweupe, akazipiga mkasi. "Kama ni za maana mbona uliziweka na vifungo?" ananiuliza mimi!

Na mimi sikujua zimepungua. Nilimaliza fungu la kwanza, nikashika la mwisho, nikaruka pengo kama mtu anayeruka mtaro, kisha nikamtukana mwandishi.

Nimevipanga vipande sakafuni, kola na kola yake. Kurasa kumi na tisa zimetimia, nyingine zina matundu. Nimezisoma nimelala kifudifudi.

Kaka. Hujawahi kuniletea kitabu kama hiki. Mke hagombani, hapigi kelele. Kila Jumatatu akienda kazini anabeba kitu kimoja cha nyumbani: kijiko, shuka, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wiki baada ya wiki. Mume anatengeneza saa za watu na haoni. Siku anayotafuta kijiko ndipo anagundua anaishi peke yake, na mke bado yuko pale mezani! Yuko mezani, anakunywa chai! Nilisimama nikazunguka chumba, mama akadhani nimeumwa na mdudu.

Mimi nilisema huyu mtu kaogopa. Natamani nimeze ulimi.

Mwambie Mhariri Mkuu ukweli. Vipande ninavyo vyote.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama.

Umechanganyikiwa? Nikamwambie nini, kwamba wanaosoma miswada ya ofisi ni wanafunzi wa ushonaji? Nimeshaandika na kutia sahihi kwamba kurasa hizo hazikuwahi kufika. Mhariri Mkuu kaniamini. Anasema waandishi wapya hawaishiwi visingizio. Siku tisa zimebaki kabla ya kikao, barua yangu iko tayari kwenye faili, nimeiona kwa macho yangu.

Choma. Vipande vyote, leo, kwenye jiko la mama.

Na nikwambie jambo ambalo sikutaka kukwambia. Leo unapenda, kesho unachukia, unadhani kusisimka ndio kusoma. Wewe ni mshona vifungo. Maneno yako yamekuwa kitu kwa sababu mimi nimeyatia sahihi.

Usiniharibie.

Kaka yako


13 Aprili

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida. Mama mzima, hajui lolote.

Sijachoma.

Mshona vifungo, sawa. Lakini ule muswada ulipotoka kwangu ulikaa kwako siku ngapi? Hukufungua hata kamba! Ungefungua labda ungeliona pengo nililoruka mimi. Niambie kweli, tangu uingie ofisi hiyo umesoma mingapi mwenyewe? Mmoja? Nusu? Wewe ndiye ulinifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sabuni, tukagombania kipande chenye mwisho wa hadithi mpaka kikachanika. Yule kaka yuko wapi? Nakuuliza kwa sababu wifi aliwahi kuniambia huko kwako vitabu vinafutwa vumbi tu, nikambishia mpaka tukanuniana.

Kosa la mkasi ni langu. La kumfanya muuguzi mwongo ni lako, nalo silibebi. Anwani yake ilikuwa kwenye karatasi ya mwisho, naikumbuka. Nangoja jibu lako mpaka tarehe kumi na nane. Lisipofika namtumia vipande vyake, na ndani naandika nani alisoma, nani alikata, nani alitia sahihi.

Sijui kama nitaweza. Naogopa. Lakini bahasha nimeshanunua.

Mdogo wako


18 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimengoja mpaka posta inakaribia kufunga. Hukuandika.

Nimevituma. Karani kaiminya bahasha, kauliza ndani kuna nini. Nikasema kitabu. Kasema mbona kimelegea. Machozi haya hapa, nikajidai mafua.

Nimemwandikia kila kitu. Nimemwambia mimi ndiye niliyesema gauni lake halina mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani kwetu. Sikukutukana. Nimesema wewe ni kaka yangu na una mtoto mdogo.

Ukinichukia nitaelewa. Mama anauliza mbona siku hizi sina kelele.

Mdogo wako, ukikubali


9 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je, na goti lake? Huku tunapumua.

Sikutaka kukuandikia. Wifi yako kaniwekea kalamu mezani mara tatu, ya nne kanishikisha.

Barua ya ajira sikupata. Kwenye dawati langu kakalishwa mtu mwingine. Tarehe ishirini muuguzi alikuja na bahasha yako, akazimwaga kola mbele yetu. Mhariri Mkuu akaniuliza kama ni kweli. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mdogo wangu, umepangwa vizuri. Lakini yule mama muuguzi alikuwa anaunganisha vipande, anavilaza kimoja kimoja kama anafunga kidonda, hata hanitazami. Nikasema ni kweli, na aliyesoma ni mdogo wangu.

Mhariri Mkuu akamuuliza anataka nifanywe nini. Akasema, "Akisome. Hapa, nikimwona." Siku tatu nimekaa kwenye benchi la ukumbini. Muuguzi yuko likizo, anakaa pembeni yangu, anaandika upya kurasa zilizotoboka, ananipa moja moja wino haujakauka. Wenzangu wanapita na vikombe vyao wanatazama ukuta. Nilipomaliza akasema, "Haya."

Nikatafuta maneno yako nimpe. Sikuyapata. Nikamwambia sikukipenda.

Ndiyo! Sikukipenda! Yule mke anamwonea fundi saa. Jumatatu ya sita mume anamuuliza, "Umechoka?" Naye anajibu, "Hapana." Mtu kakuuliza, wewe unasema hapana, kisha unaondoka na shuka lake? Na mwandishi anapita hapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe hukupaona, ulishapagawa. Na ule mwisho una haraka mno, kama mtu anayekimbia mvua.

Nilidhani atanizaba kofi. Akafungua daftari, akasema, "Rudia polepole, hapo pa Jumatatu ya sita." Jana nimesikia Mhariri Mkuu kauchukua muswada aende kuusoma mwenyewe.

Bado nina hasira na wewe, nyingi, na sijui zitaisha lini. Kazi natafuta. Lakini hili la fundi saa siwezi kulala nalo peke yangu. Nimemwuliza wifi yako, yuko upande wa mke, hata hajakisoma. Nawe najua utanibishia. Basi nibishie. Nitajie ni Jumatatu ipi fundi saa alipaswa kuona.

Kaka yako