Chemshabongo Nijaze na Nani?

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kwa hili, maana kumwambia dada yangu siwezi, atalitangaza ukoo mzima. Mimi ni dobi katika nyumba ya wageni, mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani tunamuona kwa nadra, na tangu tuoane desturi yetu ni moja, yeye ananunua gazeti lenu huko aliko, mimi nanunua hapa, jioni akishaegesha ananipigia tunajaza chemshabongo pamoja, vile vidokezo vyenye maneno ya maana mbili mbili, na sheria yetu ni kwamba jibu haliandikwi mpaka kila mmoja akosee kwanza, kwa hiyo kikija kidokezo "seremala huiunda, daktari hukuamuru, herufi nne", yeye anasema kitanda, tukikikunja kitaingia, mimi nasema dozi, tunacheka hadi mbavu zinauma ndipo tunaandika MEZA. Sasa kazini yupo mpiga pasi, mwanamume mtulivu, mwepesi ajabu, miezi sasa nikimsomea "humsitiri mwenye nyumba, humkimbia mwindaji" hata shati hajaligeuza ameshasema PAA, na nisikufiche, naona raha kuwa na mtu anayeuona upande wa pili wa neno papo hapo, chai ya asubuhi haijaisha ukurasa umejaa, yeye yake haitii sukari, anafuta miwani, tunarudi kwenye mashuka. Hakuna lingine kati yetu, naapa. Ila jioni mume wangu akipiga najifanya nafikiri huku majibu nayaona, na juzi nilikuwa nimechoka, alipoanza tu kukosea nikamkatisha, "Ni paa, baba watoto, tuendelee." Nikasikia akikunja gazeti. Kisha akasema, "Kumbe ushamaliza. Basi pumzika, mama watoto." Tangu hapo hapigi, nikimtumia ujumbe anasema mtandao mbaya, na moyo wangu hautulii. Nimwambie habari za mpiga pasi, au nitajipalia makaa bure?

Dobi

Dobi, pole, na sasa kaa vizuri nikuseme. Umeapa hakuna lingine, nami nakuamini. Lakini barua yako imenieleza mpiga pasi anavyokunywa chai yake. Mumeo yuko mji gani wiki hii, amebeba mzigo gani, mgongo unamsumbua au la, sikuona mahali. Nadhani hujui, mwanangu. Mtu ameshinda barabarani peke yake, anatafuta kosa la kukuchekesha, na wewe unamngoja amalize ukalale. Umemuumiza, na kwa vile si mtu wa kelele anasingizia mtandao.

Mpiga pasi hana hatia, usimnunie. Mwambie chai mtakunywa na mashuka mtakunja, ila ukurasa ule una mwenyewe. Kama ni rafiki wa kweli ataelewa, na akinuna, hapo pia utakuwa umejua jambo.

Kwa mumeo usikae kungoja simu. Piga wewe, leo, akishaegesha. Mweleze yote kabla hajayasikia kwa mwingine, tena usijitetee. Akikasirika mwache akasirike, ana haki yake. Gazeti liweke mbali kabisa. Muulize amekula nini, amelalaje, anarudi lini, kisha funga mdomo umsikilize mpaka mwisho.