Kamera ya Matumizi ya Kila Siku

Jumatatu, 3 Juni

Sketi za shule nimefika nusu. Uzi wa bluu umeisha, niliopata una weusi kidogo, nimeutumia hivyo hivyo. Baridi kali. Vidole havikunjiki.

Kaka Godlisten alipiga simu mchana nikiwa na pini mdomoni. Daktari amemwambia moyo wa Mama umetanuka. Ni dawa, kupumzika na kuangalia. Mama tumwambie ni presha. Halafu hakuaga, nikajua kuna la pili. La pili ni picha.

Hataki yaliyotukuta kwa Baba yatukute tena. Namwelewa. Baba alipofariki tulipekua nyumba nzima, picha yake nzuri hakuna. Binamu wa Moshi akatutumia moja kwa simu, ya kwenye harusi ya watu, imekatwa ikabaki Baba peke yake kuanzia kifuani. Begani kwake kuna mkono wa mtu ambaye haonekani. Vidole vinne na kipande cha lesi. Ndiyo hiyo ikakaa kwenye kioo cha mbele cha gari la maiti kutoka hapa hadi Machame. Ndiyo hiyo mjukuu akaibeba mbele ya jeneza. Watu waliosimama mgombani, penye kaburi, wakanong'ona mkono wa nani huo, na wenye midomo yao wakajijibu. Tulitahayari. Baadaye nikaipeleka studio, mkono ukafutwa, na hiyo iliyofutwa ndiyo iko sebuleni hadi leo.

Kwa hiyo nitafute kamera. Ndogo, isiyo ghali, picha yake ikikuzwa isiharibike. Na Mama nimwambie nini? Kaka anasema: mwambie ni ya matumizi ya kila siku.

Nimekubali upesi mno. Nimejichukia jioni yote.

Jumanne, 4 Juni

Nilijaribu simu kwanza, labda tuokoe gharama. Asubuhi Mama alikuwa barazani anachambua mchicha. Nikampiga picha bila kumwambia. Nimeipitisha kwa Baraka, yule wa studio ya Kaloleni, jirani na banda langu la cherehani. Ndiye aliyefuta ule mkono. Akaikuza kwenye kompyuta, akacheka.

"Dada Aika, simu yako inapaka watu poda."

Kweli. Makunyanzi hakuna. Kovu la kwenye nyusi hakuna. Mama yangu amekuwa msichana mwenye mvi.

Ameniambia nisidanganyike na namba kubwa zilizoandikwa mbele ya kamera. Nitazame lenzi haina ukungu wala mchubuko, nijaribu flashi, nihakikishe inavuta picha karibu kwa lenzi yenyewe. Akauliza ni ya shughuli gani. Nikamjibu vilevile. Ya kila siku. Sasa naisema bila kigugumizi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga kazi mapema nikazunguka. Duka la kwanza, kamera mpya kabisa, bei yake nilicheka kwa adabu nikatoka. La pili wanauza vifuniko vya simu tu, kamera moja wameiweka ya mapambo. Nimepata mtaa wa Daraja Mbili, kwa baba mmoja anayeuza vitu vilivyotumika. Shikamoo, marahaba, akafungua kabati la kioo.

Zilikuwa mbili. Ya kijivu picha zake nzuri sana, ila betri imevimba na chaja si yake. Nyekundu ni ya zamani, kioo cha nyuma kina mstari wa mkwaruzo, lakini lenzi safi. Inatumia betri ndogo hizi za saa ya ukutani.

"Kama ni ya kila siku, mwanangu, chukua hii. Hiyo nyingine betri ikifa unaizika. Hii betri zake unapata hata dukani kwa Mangi."

Akanipiga picha kunionyesha kwamba inafanya kazi. Nikajiona kwenye kioo cha nyuma. Ni sura ya mtu anayenunua jeneza kwa kujificha.

Nimechukua nyekundu. Njiani nikawa najitetea kwamba rangi ni ya kuchangamka. Upuuzi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempa Mama. Alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea. Akaigeuza, akaipapasa, akasema hajawahi kushika kamera, ameshikwa nayo tu.

Halafu akaiombea. Kwetu kitu kipya kinaombewa kwanza, hata sufuria. Akaiweka mezani, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu aibariki mikono iliyoinunua na moyo uliofikiria kununua. Nilifumbua macho katikati ya sala. Sikuweza kuitikia amina. Nilikohoa.

Jumapili, 9 Juni

Ametoka kanisani amevaa sare ya umoja wa wanawake, kitambaa kichwani kimekaa vizuri, uso umetulia. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia asimame pale ukutani, penye rangi nyeupe.

Akasimama. Nikamtazama kupitia kioo. Nikaona fremu, maua ya plastiki, msalaba pembeni, jina lake, na chini mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Nikabonyeza nimefumba macho, picha ikatoka ya ovyo.

"Aika, picha ya kila siku inapigwa ukutani kama ya kitambulisho?"

Akanyoosha mkono akaichukua kamera. Akanipiga mimi. Akawapiga kuku. Akapiga tenki la maji. Akaupiga mlima, ambao leo haukutoka, ni ukungu mtupu. Akasema haidhuru, uko hapo nyuma.

Jumatano, 12 Juni

Kaka amepiga tena. Picha ipo? Haipo. Kwa nini? Nikamwambia kamera anayo Mama. Akasema Aika, sisi hatukununua kifaa cha kuchezea. Nimemkatia simu. Nikampigia nikamwomba radhi. Nikamkasirikia tena baadaye, nikiwa peke yangu, kwa kuwa anasema kwa sauti yale ninayoyafanya mimi kimya kimya.

Mama haiachi. Anatembea nayo imefungwa kwenye pindo la kanga. Juzi betri ziliisha, hakuniambia, akachomoa za saa ya ukutani. Saa imesimama, kamera inafanya kazi. Kila ninapoinua kichwa kutazama saa nakutana na saa nne.

Leo ameniachia niangalie alichopiga. Jirani anaanika nguo. Ng'ombe wa watu. Sufuria ya ndizi. Mimi mezani. Mimi nafunga kiatu. Mimi kwa nyuma, naenda kazini, mdogo getini. Ndipo nikaambiwa hivi ndivyo ninavyoondoka kila siku. Sikujua kwamba husimama kunitazama.

Yeye mwenyewe hayumo hata kwenye moja. Ameelewa kazi ya kamera kuliko mimi. Nilimdanganya ni ya kila siku, na yeye ndiye anayeitumia hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi Mama ameanguka jikoni.

Nilisikia kikombe kwanza. Nikakimbia. Yuko chini, mgongo kwenye kabati, anahema, midomo imepauka. Na kabla sijamwita, kabla sijaita jirani, kabla ya Mungu, wazo la kwanza lililonijia ni hili: bado hatuna picha.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jirani alituwahisha hospitali kwa gari lake. Wamemwongezea dawa, wamemtazama kutwa nzima, wamemruhusu jioni. Kwenye kiti cha nyuma alinishika mkono akanipa pole. Yeye anipe mimi pole.

Jumamosi, 15 Juni

Sijaenda Kaloleni. Nimempikia uji, nimefua. Sijaweza kumtazama usoni.

Jumapili, 16 Juni

Hakwenda kanisani, alisikiliza ibada redioni. Ilipoisha akaniambia nimletee gauni la kahawia, lile la lesi. Akavaa. Akaomba mafuta ya uso. Akakaa kwenye kiti barazani akaniambia nilete kamera, tumalize.

Nikamuuliza tumalize nini. Akanitazama.

"Tangu lini wewe ukapiga picha za kila siku? Nilijua siku ile ile ilipoingia. Nikasema, hawa wameshaanza."

Nikataka kumweleza. Kwamba Kaka, kwamba daktari, kwamba si presha. Akasema anajua kwamba si presha, moyo ni wake. Nikapiga magoti, nikalia kwenye mapaja yake nikiwa na umri huu. Hakunibembeleza sana. Alinigonga gonga mgongoni kwa muda, kisha akaniambia niinuke, lesi inalowa.

Halafu akasema jambo ambalo nalirudia kichwani tangu mchana.

"Ule mkono mlioufuta kwa baba yenu ulikuwa wangu."

Kwenye ile harusi alisimama nyuma ya kiti cha Baba. Baba hakupenda kupigwa picha, alikuwa anataka kuinuka, akamshika bega atulie. Binamu alipoikata ikabaki vidole na kipande cha mkono wa gauni. Gauni hili hili. Nikaitazama ile lesi. Gauni nililishona mimi. Nilikaa na ile picha mbele yangu, fundi mzima, nikaona mshono wangu mwenyewe nikaufuta.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Pale msibani, watu walipokuwa wananong'ona. Akasema msibani hakuwa akisikia watu. Na baadaye?

"Mlikuja nayo mmefurahi. Fremu mpya, kioo kipya. Ningesema nini?"

Nimekaa nyumba moja na ile picha miaka yote hii. Naifuta vumbi kila Jumamosi.

Sharti lake ni moja. Ya kwake iwe na mkono. Mkono wangu mimi, bintiye, na wasinikate vibaya. Kaka kama hapendi akatafute mama mwingine. Alisema hivyo hivyo, hakucheka.

Nikaweka kamera juu ya cherehani la zamani, nikaiinua kwa bunda la sketi. Ina kitufe cha kuhesabu kabla ya kupiga. Mara ya kwanza nilichelewa, nimetoka kama kivuli kinachokimbia. Mara ya pili niliwahi. Nikasimama nyuma ya kiti nikamshika bega. Mfupa tupu. Sikujua amekonda kiasi hicho. Akaweka sawa kitambaa, akatazama mbele, taa nyekundu ikawaka, ikapiga.

Akaomba kuiona. Akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaridhika. Kovu lipo. Makunyanzi yapo yote.

"Basi. Sasa rudisha betri za saa."

Alhamisi, 20 Juni

Jua limetoka kidogo. Sketi nimekabidhi, zimebaki chache.

Nimepeleka kadi ya kamera kwa Baraka. Akaikuza hadi ukubwa wa fremu, haikuharibika. Akasifia lenzi. Kisha akasogeza kishale hadi begani, bila ubaya, kazi yake.

"Dada, huu mkono niufute?"

Nikamwambia auache, aichapishe hivyo hivyo. Nikamuuliza kama ile ya Baba, ya kabla ya kufutwa, bado anayo. Akasema kompyuta ile iliungua. Nimempigia binamu, anasema simu yake ya wakati ule iliibwa. Atauliza wenye harusi. Sina matumaini sana.

Kaka nimemtumia. Ameuliza mkono wa nani huo. Nimemjibu wangu. Kuhusu ule mwingine nitamwambia akija, siyo kwa simu.

Nimefika nyumbani Mama amesinzia kwenye kochi, kamera mapajani; nikairudishia kadi na betri mpya nilizonunua njiani. Picha nimeiweka kabatini chini ya gauni la lesi, kama alivyoniagiza. Halafu nikasimama mbele ya Baba, nikaweka vidole vinne pale begani, pale palipofutwa. Kioo kilikuwa cha baridi.

Nyuma yangu, kutoka kwenye kochi, nikasikia kamera ikilia. Sikugeuka.