Kidani Ulichokikataa

Dada yangu,

Sisi wazima. Paka wako kazaa tena, kwenye kapu la nguo safi. Usiniulize nimefua mara ngapi.

Kile kidani cha marehemu bibi, ulichokikataa ukimwambia huvai alama ya wauaji, nimekikuta kwenye kopo lake la vifungo. Sonara anasema kilitengenezwa kabla wauaji wale wa vita vya pili vya dunia hawajaiteka alama ile. Zamani msalaba huo wa ncha zilizopinda ulikuwa wa kumtakia mtu heri.

Kisha akauliza nani amekitia tupa. Ncha mbili zimesagwa. Tupa ya kucha ya bibi ilikuwa humo humo koponi. Kumbe alikuwa akiifuta alama, ili uvae.

Mbili zilizobaki hakuzimaliza, dada. Nimemkataza sonara asiziguse. Njoo ukichukue hivyo hivyo.

Mdogo wako