Maji ya Kuchezea

Mtaa wa Kanisani,
Newala.
9 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Selestina,

Shikamoo yako niliyoletewa na Shamte, yule dereva wa lori la korosho, nimeipokea na naiitikia marahaba, ingawa zamani ulikuwa unanipigia magoti mwenyewe. Natumaini u mzima huko Tunduru, na wachimbaji wa vito wanakula wali wako na kulipa. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao hukuuliza habari zake.

Korosho zimeanza kuanguka. Wanunuzi binafsi wamejaa hadi Tandahimba, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na ukweli wake. Watu wamenunua baiskeli na redio. Maji tu ndiyo hayajaingia kwenye soko huria, maana hayapo.

Sasa nikupe habari za mwanao Dorika, najua ndizo unazozingoja. Tangu ulipomwacha kwangu, wiki ile baada ya Pasaka, mtoto hakutamka neno. Alikula, alilala, alinitazama. Mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa na mdomo kama cherehani! Nikampeleka chekechea ya kanisa, kwa Mwalimu Dominika.

Huyo Dominika alikuwa ametoka kozi Dodoma na kichwa kimejaa upepo. Alidai mtoto hujifunza kwa kucheza, na kwamba hata Bwana wetu alipowaita watoto hakuwauliza irabu. Akauondoa ubao. Watoto wakawa wanapanga korosho kwa safu, wanafinyanga matope, wanaigiza harusi na ibada, mmoja akijifunga kanga na kuwa padre. Wazazi wakaguna. Mimi ni katibu wa kamati ya kanisa, kama ujuavyo, nikawa naiandika miguno yao kwenye muhtasari.

Mwezi wa Septemba akafanya kosa ambalo mtu wa Newala halisamehe. Aliwaagiza watoto kila mmoja aje na kopo moja la maji ya kuchezea. Ya kuchezea, Selestina. Maji tunayoyafuata bondeni tangu jogoo la kwanza, tukapanda nayo mlima hadi shingo inazama kifuani. Maji ambayo mgeni akipewa ya kuoga anajua amependwa. Yeye anayatia kwenye beseni ili watoto wapime na kumimina! Ni mtu wa Chiungutwa, mlima wetu haujui.

Nilikwenda kumfokea. Nilipofika mlangoni nikamkuta Dorika amechuchumaa penye beseni, mikono imelowa hadi viwikoni, anamimina maji kutoka kopo moja hadi jingine, na anasema. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Alikuwa anasema, "Mama anateka. Mama anajitwisha. Mama anarudi." Alirudia mara tatu, polepole. Dominika alikuwa upande wa pili anaamulia wawili waliogombana, wala hakusikia.

Sitakuficha, sikufurahi. Niliona wivu. Miezi mitano namwogesha kwa maji ya kichwani mwangu, namsuka, namlisha, halafu neno lake la kwanza anakupa wewe, uliyekusanya masufuria yako ukaenda zako. Nikageuka nikarudi nyumbani bila kumfokea mtu.

Kamati ilikaa na wazazi Jumapili baada ya ibada. Kina mama walimaliza yote ya moyoni. Dominika alijitetea kwamba mtoto akicheza na maji hufunguka, akaomba angojewe hadi Krismasi tu. Padre Cecil, unamjua, hapendi kumwumiza mtu. Akauliza kama yupo mzazi hata mmoja aliyeona faida, kisha macho yake yakatua kwangu, maana ukimya wa Dorika aliujua.

"Mama Ladislaus," akaniambia, "huyo wako je? Hajasema kitu?"

"Hajasema, Padre."

Jibu langu nikaliandika mwenyewe kwenye muhtasari, kwa mwandiko mzuri.

Dominika aliondoka Jumatano kwa baiskeli, beseni lake amelifunga nyuma. Sasa yupo Mwalimu Benedikto, mwenye ubao na fimbo. Watoto wanaimba a, e, i, o, u hadi sokoni wanasikika, na wazazi roho zao zimetulia. Siku moja Dorika alichota kopo mtungini, akachuchumaa nalo uani. Nilimnyang'anya na kumpiga kibao cha mkono. Hajajaribu tena.

Juzi Benedikto amemwandika kwenye daftari lake kuwa ni bubu. Amesema chekechea haina mahali pa mtoto bubu, na hata umri wa darasa la kwanza ukifika tusijisumbue. Padre alikuja nyumbani kunipa pole, akiwa na karatasi ya kumwondoa shuleni, inayotaka sahihi ya mlezi. Ningeweza kumwambia kwamba huyu mtoto anasema. Lakini angeniuliza nimejuaje, na tangu lini. Nimetia sahihi.

Nakwambia wewe kwa sababu ndiwe mama yake, na kwa sababu nataka ujue alichokisema na kwamba hukuwapo. Ukitaka kunishtaki kwa Padre, andika. Barua zote za kanisa hufunguliwa na katibu.

Ladislaus wangu anakusalimu, na mjomba Safari pia, naye anauliza utamletea nini. Nisalimie Zabroni, kama bado mko pamoja. Mungu akulinde na mashimo ya huko, akupe wateja wasiokopa, na akufikishe uzeeni ukiwa na wa kukuzika.

Dorika ameketi hapa mkekani ninapoandika. Nimemwuliza anamtumia mama yake salamu gani. Amenitazama tu. Basi pokea za kwangu.

Wako akupendaye,
dada yako,
Theodora