Kobla ya Wakwe wa Thika

Kimbo, Ruiru
11 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Kamene,

Kabla sijaanza kupiga domo, niambie kwanza unaendeleaje. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua ukiinua masufuria ya wale wazee unaowapikia huko kazini umepata nafuu? Na theluji imeanza kuondoka huko Kanada, au bado mnatembea na yale mabuti ya kutisha? Sisi huku tu wazima. Mulei bado anakohoa kila asubuhi kwa sababu ya vumbi la barabara inayochimbwa hapa mbele yetu, lakini ukimwambia aende kwa daktari anakutazama kana kwamba umemtukana. Mimi magoti yananiuma nikikaa kanisani. Nikienda sokoni hayaumi, na mume wangu ameliona hilo.

Ulisema umechoka na sauti za simu zinazopotea katikati ya vichekesho vya kikundi cha familia, unataka barua ya mkono ambayo unaweza kuiweka chini ya mto. Haya, hii hapa. Nampa binamu yetu Kaluki, anayekuja huko kumwona bintiye. Ukiona doa la siagi pembeni, nivumilie.

Habari kubwa ni ya Nzuki. Unajua kwamba huyu mwanangu amekuwa akimleta Mehak hapa nyumbani. Ni msichana mtulivu, anaosha vyombo bila kuambiwa, na anacheka Mulei akisimulia visa ambavyo sote tumevichoka. Nimempenda, sifichi. Lakini wazazi wake, baba Kailash na mama Navnit, wale Wahindi wenye duka la vifaa vya ujenzi kule Thika, walikuwa hawajakanyaga kwetu. Baba hakuwa na neno. Mama ndiye aliyekuwa akisitasita, na Mehak alishamwambia Nzuki wazi kwamba bila baraka za mamake hataolewa. Mwishowe wakakubali kuja Jumamosi iliyopita, watuone tu.

Sasa wewe unatujua. Mtu akija kukuona na asile, hajaja. Mama yetu, mgeni akikataa chakula, alikuwa akishinda wiki nzima akijiuliza tumemkosea nini. Na watu hawa hawali nyama, hawali samaki, hawali hata yai. Nilipitia vyakula vyangu vyote vya wageni kichwani nikaona kila kimoja kina kuku ndani. Keki nayo ina mayai. Nzuki akaniambia, "Mum, usijisumbue. Mamake Mehak hakulangi kwa watu. Atakunywa maji ya chupa, aseme asante, waende." Nikamwambia maji ya chupa yanauzwa hata pale steji, hakuna haja ya mtu kuingia kwangu kuyanywa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kobla yako, ile unayowapikia wazee siku ya Jumapili, matunda chini na unga wa skonzi juu, bila yai hata moja. Asante kwa kunielekeza kwa simu, tena asante kwa uvumilivu, maana najua nilikuwa nakuuliza jambo lile lile kila nikipiga.

Nilijaribu wiki iliyotangulia. Nilichukua nanasi la Thika, tamu kweli, nikachanganya na maembe ambayo Musembi, kaka yake Mulei, alituletea kutoka shambani kwake Kalimoni. Matunda yakaenda vizuri sana. Nikayaacha kwenye moto na sukari na dalasini mpaka maji yakawa mazito, nikakamulia ndimu. Nyumba ikanukia hadi majirani wakaanza kupita pita mlangoni.

Tatizo likawa ule unga wa juu. Uliniambia nisugue siagi baridi kwenye unga mpaka iwe chenga chenga, nimimine maziwa mala, nikoroge kidogo, niache. Kuacha ndiko kulikonishinda. Mikono yangu imekanda chapati tangu nikiwa msichana mdogo, ikigusa unga wa ngano haijui njia nyingine. Nilikuja kushtuka nimeukanda ukawa laini kabisa, nimeufunika kwa kitambaa upumzike, na nimeanza kuugawanya matonge. Kilichotoka kwenye oveni Mulei alikigonga kwa kijiko, akauliza kama ni cha kula au cha kuezekea. Akala matunda, mfuniko akaurudisha kwenye sufuria.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikunipa usingizi. Kila chombo changu kimeshapika mbuzi. Hata ukisugua na chumvi na mchanga, mwenyewe unajua. Nikaenda mjini Ruiru nikanunua sufuria mpya, mwiko mpya, bakuli, sahani, hata kisu. Lakini utamwambiaje mgeni? Ukisema mbele za watu kwamba sufuria hii ni mpya, utaonekana unatafuta sifa. Basi nikaacha karatasi za dukani zibaki zimebandikwa kila mahali, ili Mama Mehak ajionee mwenyewe. Mulei akasema ningevaa hata mimi moja kwenye paji la uso.

Jumamosi ikafika, na stima ikapotea kabla ya saa sita. Oveni ikawa kabati. Nikawasha jiko la makaa nyuma ya nyumba, nikasema tutaoka kama tulivyokuwa tukioka keki za Krismasi, moto chini na makaa mengine juu ya mfuniko.

Wageni wakaingia. Kailash ni mtu wa watu, alisalimiana na Mulei na Musembi kwa Kikuyu cha Thika, wakaanza kulaumu barabara pamoja. Navnit alikuwa mpole lakini yuko mbali. Mkononi alibeba hotipoti. Akaiweka chini karibu na kiti chake, akaniambia, "Mama Nzuki, usione vibaya. Mimi nimezoea kubeba chakula yangu." Nikasema hakuna neno.

Lakini lilikuwepo neno, Kamene. Nilitoka nyuma nikasimama karibu na tangi la maji, machozi yakinilengalenga kwa hasira. Sikuumia kwa ajili ya chakula. Niliumia kwa sababu nilimwona Mehak akiitazama ile hotipoti, kisha akamtazama Nzuki, na wote wawili wakainamisha macho. Watoto wale walikuwa wameshapata jibu lao kabla hata chai haijamiminwa.

Unajua mimi nikikasirika nafanya kazi. Nikateleka matunda kwenye jiko la makaa, nikauvamia unga. Sikumbuki nilifikiria nini. Ninachokumbuka ni kwamba moshi mbaya ulianza kutoka kwenye jiko, moshi wa plastiki, na ndipo nikaona ile karatasi ya dukani iliyo ubavuni mwa sufuria inashika moto. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga hadi kwenye vifundo. Nikabaki naipulizia kwa mdomo.

Navnit akatokea mlangoni. "Nini inaungua?" Hakungoja jibu. Alichukua kitambaa, akaitoa sufuria motoni, akaikwangua karatasi kwa kile kisu kipya. Kisha akasimama na kile kipande kilichoungua, akakiangalia. Akaangalia mwiko, una karatasi. Bakuli, lina karatasi. Sahani vile vile.

"Hii yote ni mpya?"

"Ni mpya."

"Umenunua juu yetu?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya heshima, ya kitu kama nilikuwa nahitaji vyombo hata hivyo. Yote yalinitoroka. Nikamwambia, "Nilitaka ule kwangu."

Nikadhani nimeharibu kabisa. Akavua bangili zake moja moja, akazipanga dirishani, akaenda mferejini kunawa mikono. Aliporudi akaubonyeza unga wangu kwa kidole. "Mama Nzuki, umekanda hii sana. Hii ni chapati tu."

"Najua," nikasema. "Mikono haisikii."

"Hata yangu iko hivyo," akasema. Akanieleza kwamba akitaka kupika nangatai, vile vibiskuti vyao vinavyoyeyuka mdomoni, lazima amwite Mehak achanganye, kwa sababu yeye akigusa tu vinakuwa vigumu. Mume wake huvichovya kwenye chai na bado haviingii maji. Tulicheka mpaka Kailash akaja kuchungulia.

Tukaanza unga mwingine. Yeye akasugua siagi, mimi nikamimina mala, na tukapatana kwamba mkono utakaorudi kwenye bakuli utachapwa. Wangu ulichapwa. Wake pia. Akaomba iliki, akaipondaponda akaitia kwenye matunda. Kisha tukadondosha unga kwa kijiko juu yake, madonge yasiyo na umbo lolote, ya aibu kuyaangalia, tukafunika na kupanga makaa juu. Ule unga niliouharibu tukausukuma chapati, hatukuutupa.

Tulikaa kwenye vigoda tukingoja iive. Ndipo akaniambia kitu ambacho kimenikaa moyoni tangu siku ile. Alisema, "Mimi sikuogopa Nzuki. Nzuki ni kijana mzuri. Niliogopa kupeana mtoto kwa nyumba mimi siwezi kula. Nikienda kumwona nitakuwa nabeba hotipoti mpaka nife, kama mgeni kwa mtoto wangu." Mimi muda wote nilidhani ni maringo, kumbe ni mama anaogopa kumpoteza binti yake. Nilimwonea huruma, na nikaona haya kwa ile hasira yangu ya pale kwenye tangi.

Tulipofunua, kobla ilikuwa imepanda, juu kahawia, upande mmoja umeungua kidogo mahali makaa yalipolala, na maji ya matunda yakichemka katikati ya yale madonge. Nikampakulia yeye kwanza. Sebule nzima ikamtazama. Hata Musembi aliacha kuzungumza, na hilo unajua si jambo dogo. Navnit akala kijiko cha kwanza. Kailash alingoja mpaka mke wake akameza, kisha naye akaanza. Navnit akamaliza, akaninyooshea sahani, akaomba tena, na akaomba ule upande ulioungua. Mehak aliinuka akaenda nje barazani, na nilipomfuata nilimkuta analia huku akicheka. Nikamkumbatia na unga wangu wote.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo vizuri. Lakini Musembi ndiye mkubwa wa ukoo, na alikuwa ameshiba. Akafuta mdomo, akasema kwamba sasa kwa vile wageni wamekula, lazima tuzungumze kuhusu mbuzi wa ntheo, ambao bila kupelekwa kwa kina msichana, kwetu sisi Wakamba huyo hajaolewa hata kama wana cheti. Mbuzi wale huchinjwa huko huko kwa wakwe, wakaliwa, na nani hajui. Mulei akaanza kukohoa kile kikohozi chake. Mimi nilikuwa tayari kummwagia shemeji yangu chai.

Navnit na mume wake walinong'onezana kwa lugha yao. Kisha akamgeukia Musembi na kijiko bado mkononi. "Mzee, leteni hao mbuzi. Lakini kwetu hakuna kisu. Watakaa kwa kiwanja, watakula nyasi, watakufa na uzee."

Nilimwona Musembi akijaribu kukumbuka kama wazee waliwahi kukataza jambo kama hilo. Mwishowe akauliza tu, "Nyasi iko?"

"Iko."

"Basi tutaleta wadogo, wakae sana."

Ndivyo mwanangu alivyopata mke, Kamene. Mbuzi watapelekwa mwezi wa nane, nawe uanze kuomba likizo mapema, maana sitapika peke yangu. Nilishukuru Mungu usiku ule hadi Mulei akaniambia nimwache naye alale.

Wapikie wazee wako kobla yenye iliki, uwaambie imetoka Thika. Na sukari uliyonitajia ilikuwa kidogo, nadhani wazee wenu wanaonewa.

Nisalimie binti yako Mbinya, mwambie mama mkubwa wake bado anamngoja aje ajifunze kusukuma chapati. Mulei anakusalimu, shemeji yake asiyempigia simu. Musembi anasema hajakusahau. Mehak ameuliza atakuwa akikuitaje, nikamwambia mama mdogo, akajaribu kulisema mara nyingi akiwa peke yake jikoni, nikamsikia.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, mdogo wangu, na mlango wowote utakaofungua katika nchi ya watu, akupe mtu wa kukaa mezani kwako na kula.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mbula