Sarafu ya Kaisari na Mtamba Wetu

Baba Neema wangu, kamwene kutoka Iringa! Baridi huku inauma, Neema nimemvika masweta mawili.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa konda wa basi la Madibira kadi hii. Yule mgeni anayetaka umpe mtamba wetu kwa ile sarafu ya Roma ya kale, usimpe kwanza. Leo Kalenga, nje ya makumbusho, nimekuta kaka mmoja anauza kama hiyo. Nikaing'ata, kama tunavyong'ata mpunga kujua umekauka.

Akacheka: "Mama, hiyo si punje!"

"Mbona huyu Kaisari kijana hivi?"

"Alishazeeka, ila kwenye hela zake aliwekwa kijana, ili hata watu wa mbali wajue mkubwa wao ana nguvu."

"Kama Kaisari mwenyewe alidanganya kwenye hela yake, wewe je?"

Akanitolea nyingine mbili mfukoni, nichague. Zote zina mkwaruzo uleule puani, kama vitumbua vya kikaango kimoja! Hebu iangalie pua ya ile ya mgeni.

Mtamba akizaa, Neema wetu atakunywa maziwa. Kaisari hakamuliwi. Nawapenda wote wawili, wewe na mtamba.

Mama Neema